Kinini Thelathini za Delphine

Tonton Amuri alikuwa amefika fungu la saba. Samaki walikuwa mbele yake, juu ya mkeka, hatua chache kutoka kwenye maporomoko ya mto. Alichukua samaki mmoja mkubwa, akamkata vipande vitatu, akaweka kimoja hapa na kingine pale. Kisha akarudi nyuma, akatazama, akahamisha mkia kutoka fungu la pili kwenda la tano.

Octave, mpwa wake, alikuwa kando yake, anasokota kamba za kufungia mitego.

"Tonton, fungu yangu iko kidogo," alisema kwa utani.

"Fungu iko sawa. Tumbo yako ndiyo kubwa," Amuri akajibu bila kuinua kichwa.

Watu wakacheka.

Mafungu yalikuwa kumi na moja, kwa sababu nyumba za ukoo wao zilikuwa kumi na moja. Si samaki tu waliogawanywa. Kitu chochote kilichotoka nje kiliwekwa kwenye mkeka wa Amuri: chumvi, kitambaa, hata sabuni, ambayo aliikata kwa uzi. Hivyo ndivyo walivyoishi. Mto ulipojaa na mitego ikabaki mitupu, hakuna nyumba iliyolala na njaa peke yake.

Amuri hajamaliza fungu la nane, Julienne, mke wa Octave, akaja mbio.

"Octave! Wacha kamba! Delphine anaenda choo ya damu."

Octave akasimama. Akaacha kamba, akakimbilia nyumbani. Mwaka ule, 1956, kuhara damu kulikuwa mjini kwa wiki tatu. Kila mtu alijua maana yake. Delphine, mtoto wao, alikuwa na miaka sita.

*

Kwenye dispansere, zahanati ya mtaa, watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Nyuma ya meza alisimama kijana mmoja tu. Jina lake Valère, mzaliwa wa Isangi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa amemaliza masomo ya kutoa dawa, na kazini alikuwa na miezi minne tu. Mkubwa wake, muuguzi wa siku nyingi, alishikwa na ugonjwa uleule, akapelekwa hospitali kubwa. Tangu siku hiyo Valère alikuwa peke yake.

Alimtazama Delphine macho na ulimi. Alimuuliza Julienne maswali matatu. Kisha akachukua kisu butu, akahesabu nacho vidonge, kinini kama walivyoviita, mbili mbili juu ya meza: kinini thelathini. Akazifunga katika karatasi.

"Asubuhi mbili, saa sita mbili, jioni mbili. Siku tano. Anywe maji mengi. Maji ya kuchemsha! Mwingine!"

Octave alitaka kuuliza neno. Lakini mwingine alikuwa ameshafika mezani, na nyuma yake wengine arobaini. Akachukua karatasi, akaenda.

Nyumbani, Amuri alikuwa anawangoja. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa.

"Bamekupa dawa?"

"Bamenipa, tonton."

"Weka."

Octave akaweka. Hakuwa mjinga, wala hakuwa baba mbaya. Katika nyumba nyingine nne kulikuwa na wagonjwa. Katika nyumba zote kulikuwa na hofu. Alifanya alivyofanya maisha yake yote. Amuri akahesabu polepole: kinini mbili kila nyumba. Zikabaki nane.

"Hizi nane ziende kwa mugonjwa," Amuri akasema. "Mutoto asionewe."

Basi Delphine akabaki na kinini kumi. Siku ya pili alikaa, akaomba chakula. Julienne akamshukuru Mungu. Siku ya tatu dawa haikuwapo tena. Siku ya nne damu ilirudi, nyingi kuliko mwanzo, na mtoto hakuweza kuinua kichwa.

*

Asubuhi iliyofuata watu wa maporomoko walikwenda dispansere kwa pamoja. Amuri alikuwa mbele. Octave alikuwa nyuma yake, amembeba Delphine. Julienne alitembea kando, mkono juu ya mguu wa mtoto.

"Munganga mudogo!" Amuri akaita. "Dawa yako iko chokaa!"

"Si chokaa, papa," Valère akasema.

"Batoto bote bamerudia kugonjwa. Bote! Ya kweli umeuza wapi?"

"Sijauza kitu."

"Rudi Isangi, ukawape dawa samaki wa kwenu!"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Mtu mmoja akapiga meza kwa ngumi. Mwingine akasema, "Bon, utupe sasa sanduku lote, sisi wenyewe tutagawanya."

Midomo ya Valère ilikuwa mikavu. Lakini aliweka mkono juu ya sanduku la dawa. Miguu yake haikusogea.

"Sanduku halitoki," alisema. "Dawa iliyobaki ni ya watu wenye damu. Mwenye hofu nitampa maneno, sitampa kinini. Mnaweza kunitukana mpaka jioni. Mnaweza kunipiga. Kesho asubuhi mtanikuta hapahapa."

Ndipo mzee mmoja akapenya katikati ya watu. Alikuwa papa Timothée, jirani yao. Alikuwa amefanya kazi ya kutoa dawa huko Yangambi kwa miaka kumi na tisa, na sasa alilima makemba, ndizi za kupika, nyuma ya nyumba yake. Hakusema na watu kwanza. Alizunguka meza, akanawa mikono, akasimama kando ya Valère.

"Ulikula lini?" akamuuliza.

"Jana... sikumbuki, papa."

"Na kulala?"

Valère akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Kaa kwenye kiti. Mtu aliyechoka anahesabu vibaya." Akatoa mfukoni kipande cha kwanga, mkate wa muhogo, akampa. Kisha akawageukia watu. "Nyinyi mumekuja kumula huyu kijana. Alafu? Kesho nani atahesabu dawa? Amuri, ni wewe?"

Mwanamke mmoja akacheka. Amuri akarudi nyuma hatua moja.

"Octave," Timothée akasema, "nieleze taratibu. Dawa ya mutoto ulimupa namna gani?"

Octave akaeleza yote. Hakuficha, kwa sababu hakuona kitu cha kuficha. "Kila nyumba kinini mbili, papa. Delphine alipata kumi. Tulimuzidishia."

Timothée akafumba macho kidogo.

"Hapa hakuna mwizi," akasema. "Dawa haikuwa chokaa. Octave, mutego wako unafungwa kamba ngapi?"

"Sita."

"Ukifunga mbili?"

"Mto unaubeba."

"Na kamba ine ukimupa jirani?"

"Mto unabeba wa kwangu na wa kwake."

"Basi ndivyo mulivyofanya. Katika tumbo ya Delphine muko vijidudu, vidogo sana, macho haivione. Kinini za siku ya kwanza zinaua vile dhaifu. Mutoto anaonekana muzima. Lakini vile vya nguvu vingali ndani. Ukikata dawa, vinazaana tena. Kinini thelathini ni kazi ya mutu mumoja. Ukigawanya, hakuna anayepona. Na mutu muzima akimeza mbili kwa hofu, hazimukingi kitu."

Valère akasimama kutoka kwenye kiti.

"Na mimi nina kosa," akasema. "Niliwaambia haraka haraka. Sikuuliza kama mumeelewa. Hilo ni langu."

Baadhi ya watu walishangaa. Hawakuzoea kusikia mtu wa nyuma ya meza akisema hivyo.

Kuanzia saa ile kazi ilibadilika. Timothée alisema atakuja kila asubuhi mpaka ugonjwa uishe, asimame na Valère. Mama wawili wa mtaa walipanga mstari, wakawaweka mbele watoto na wale wasioweza kusimama. Mwingine alileta maji ya kuchemsha. Kinini mbili za kwanza mgonjwa alimeza palepale mezani. Na hakuna aliyeondoka na karatasi kabla ya kurudia maneno yote kwa kinywa chake.

Julienne alikuwa wa kwanza. Delphine alipomeza zake, mama akarudia:

"Asubuhi mbili. Saa sita mbili. Jioni mbili. Siku tano. Hata akipona, ninaendelea mpaka ziishe. Ninamupa maji ya muchele na chumvi kidogo. Maji yote ninachemsha. Mikono ninanawa na sabuni, nikitoka choo na mbele ya kupika. Na..." akasita.

"Na dawa ni ya nani?" Valère akauliza.

"Ya Delphine."

"Ya Delphine na nani?"

"Ya Delphine!" Julienne akasema kwa nguvu, na mstari mzima ukasikia.

*

Nyumbani mkeka ulikuwa umetandikwa.

"Leteni," Amuri akasema.

Julienne alisimama mlangoni. Karatasi ya dawa ilikuwa imefungwa katika pindo la kitambaa chake, kiunoni.

"Hapana, tonton."

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana. Samaki ni ya nyumba kumi na moja. Chumvi, ya nyumba kumi na moja. Damu inatoka kwa mutoto wangu mumoja. Hii haishuki kwenye mukeka."

Amuri hakuwa amesikia neno kama hilo katika miaka yote ya mgawo. Alimtazama Octave.

"Octave. Mwanamuke wako anafunga mulango ya ukoo. Sema naye."

Octave alimtazama mjomba wake. Alimtazama mtoto aliyelala kitandani, mdogo kuliko alivyokuwa wiki iliyopita. Ilikuwa vigumu kwake. Amuri ndiye aliyemlea.

"Mulango iko wazi, tonton," alisema mwishoni. "Ingia, kaa, umuone mutoto. Lakini kinini hatutatoa."

"Basi kesho fungu yenu haitakuwapo."

"Basi kesho tutakula majani ya pondu," Julienne akajibu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku mbili mafungu yalikuwa kumi. Siku mbili Octave alipanda kwenye miti iliyoshikilia mitego mtoni pamoja na wenzake, akavuta kamba pamoja nao, akarudi nyumbani mikono mitupu. Majirani waliona aibu kumtazama. Mmoja alimwita "Octave mulango". Akaendelea kuvuta kamba. Julienne alichemsha maji, akahesabu kinini, akanawa mikono, akampa mtoto. Jirani mwingine akija kuomba "moja tu", alimshika mkono na kumpeleka mwenyewe kwa Valère.

"Mimi siyo dispansere," alimwambia kila mmoja. "Twende kule. Kule kuko munganga, na kama hauna damu atakufukuza na maneno mazuri."

Siku ya pili ya dawa Delphine alikunywa kikombe kizima. Siku ya tatu damu ilikatika.

Siku hiyohiyo ya tatu, saa nne asubuhi, Amuri alionekana kwenye mstari wa dispansere. Mgongoni alimbeba mjukuu wake. Mtoto huyo naye alipata kinini mbili za mkekani, na hali yake ilikuwa mbaya. Wote walimtazama Valère, wakingoja atakavyolipiza.

Valère alimtazama mtoto macho na ulimi. Aliuliza maswali matatu. Akahesabu kinini thelathini, Timothée akazihesabu mara ya pili, na mtoto akameza mbili.

"Sasa rudia, papa Amuri."

"Mimi? Nirudie kama mutoto wa masomo?"

"Wote wanarudia. Hata padri alirudia."

Amuri akarudia. Alikosea mahali pa saa sita, Valère akamsahihisha, akarudia tena. Alisema vizuri hadi mwisho.

"Na nyumba kumi zikija na mkeka?" Valère akauliza.

Amuri alimweka mtoto vizuri mgongoni.

"Zitanikuta mulangoni," akasema.

Jioni fungu la kumi na moja lilirudi. Amuri hakuomba msamaha, na Octave hakudai aombwe. Amuri alisema tu, mbele ya wote, "Kinini haigawanywi. Nani ana neno?"

*

Siku ya nne wanaume walianza kuchimba choo kipya, mbali na mto, mahali Timothée alipowaonyesha. Valère alikuja baada ya kufunga dispansere. Alikuwa amekula, na usiku uliopita alikuwa amelala. Alipita nyumba kwa nyumba, akauliza kila mgonjwa kinini ngapi zimebaki, akaandika. Nyumba ambazo damu ilikatika zilikuwa sita. Wagonjwa wapya siku ile walikuwa wawili tu.

Alipofika kwa Octave, Delphine alikuwa nje, anamkimbiza kuku.

"Huyu ameshapona, munganga," Octave akasema. Alishusha sauti. "Kinini za jioni hii na sita za kesho... kule nyumba ya mwisho mutoto ameanza leo. Labda..."

"Octave!" Julienne akaita kutoka jikoni.

"Nilikuwa ninauliza tu."

"Mtoto wa nyumba ya mwisho ana zake thelathini," Valère akasema. "Nimempa saa tisa. Mama yake amerudia maneno mara tatu."

Octave akacheka kwa aibu, akachukua sepetu, akarudi shimoni. Shimo lilikuwa limefika kiunoni. Mvua ilianza kunyesha, na Amuri akawaambia wote watoke.

Julienne akamwita mtoto ndani.

"Meza."

"Mama, nimepona!"

"Umepona nusu."

"Iko uchungu!"

"Iko uchungu. Meza."

Delphine alikunja uso, akameza moja, akanywa maji, akameza ya pili. Mama yake akamfungua kinywa, akatazama chini ya ulimi. Kisha akahesabu zilizobaki juu ya karatasi: mbili za asubuhi, mbili za saa sita, mbili za jioni. Akazifunga, akazirudisha kiunoni.

"Kesho," akasema.