Pedali Iliyogoma

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, si mtu wa kutunga. Paka wake, aliyezoea kulala juu ya pedali ya cherehani, alifia pale pale asubuhi. Fundi alipotoka kuazima jembe la kumzikia, mumewe akamtupa kwenye pipa la taka.

“Mzoga ni mzoga, mama watoto,” alisema mume, akarudi kulala.

“Na wewe ukifa nitakutupa humo humo.”

Fundi akamtoa paka kwa mikono yake, akamzika uani, akashindilia udongo. Akaingia chumba cha kushonea damu ikimchemka, hata dirisha hakufungua. Akakaa gizani, akatia mguu kwenye pedali. Ikagoma.

“Toka,” alifoka kwa mazoea.

Kitu laini, chenye joto, kikajinyoosha chini ya unyayo wake. Pedali ikawa nyepesi. Kisha kucha zikasikika sakafuni, polepole, zikielekea chumbani kwa mumewe.