Majani Nyuma ya Mtini Wangu

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kufagia majani ya mtini mkubwa uliokuwa dirishani kwa Shangazi, kuyatia shimoni na kuyafukia. Shangazi ni fundi cherehani, na kivuli cha mtini huo kilimpoza mchana kutwa. Mimi aliniita Wakili, maana sikukosa la kujitetea. Mtini mdogo uliokuwa karibu na ukuta ulikuwa wangu. Alinipa kipande cha tawi nikakipanda, na sasa ulinifika kifuani.

Mvua zilipokolea, mtini mkubwa ulianza kuangusha majani mengi yenye madoa ya manjano. Shimo lilijaa maji, na jembe nililiona zito. Nikayasukuma majani yote nyuma ya mtini wangu, mahali asipopita mtu.

"Wakili, umefukia?" Shangazi aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Nimefukia, Shangazi."

Uongo huo niliurudia siku tisa. Lundo lilikua, likaanza kutoa uvundo. Mtini mkubwa ulizidi kupukutika hadi jua likampiga Shangazi usoni. Nikaanza kuogopa kwenda upande ule wa ukuta.

Siku ya kumi niliona doa la manjano kwenye jani la mtini wangu. Nililisugua kwa kidole chenye mate, lakini halikufutika. Nikaona jingine, na jingine. Nikamwita Shangazi.

Alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Hakuangalia juu ya jani. Aligeuza jani kama anavyogeuza nguo kukagua mshono. Upande wa chini ulijaa unga wa rangi ya kutu, ukamganda kidoleni.

"Hii ni kutu ya majani," alisema polepole. "Hukaa kwenye majani yaliyoanguka. Ikipata unyevu, huyarukia majani mazima. Lakini si unafukia yote? Imetoka wapi?"

Nilitazama chini. Alifuata macho yangu, akaliona lundo.

"Haya Wakili, jitetee."

"Sina la kusema, Shangazi. Nilikudanganya." Machozi yakanitoka.

Tulichimba shimo jipya palipoinuka, tukafukia lundo lote. Alinionyesha kukata majani yenye madoa, kupunguza matawi yaliyosongamana ili upepo upite, na kumwagilia shinani asubuhi bila kulowesha majani. Mtini wangu ulibaki na majani mawili tu.

"Utakufa?" niliuliza.

"Sijui, mwanangu. Tusubiri."

Tulisubiri wiki tano. Ndipo majani mapya yakachipua. Niligeuza moja moja, yote yalikuwa safi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Shangazi alisema. "Kutu ililetwa na mvua, hilo si kosa lako. Lakini uongo wako ndio ulioilisha. Shimo likijaa maji, niambie, tutachimba jingine."

Akarudi kwenye cherehani yake. "Wakili, ya leo umefukia?"

"Bado, Shangazi," nikajibu, nikaenda kuchukua jembe.