Buti Juu ya Zulia

"Maji yamechemka," sauti ilisema kwenye redio ya Motorola. "Epua."

Komeo akabonyeza kitufe. "Sufuria ipi?"

"Imamu. Kabla ya saa sita. Akiwa mzima."

Katika Idara yao ya usalama, kuepua ni kukamata. Kumwaga ni kuua. Mkuu hakusema kumwaga, na Komeo alimchukia kwa hilo.

Jina lake halisi lilifungiwa kwenye kabati la chuma ofisini kwa Mkuu. Kazini walimwita Komeo, kwa sababu mlango akishaufunga yeye, haufunguki. Asubuhi hiyo alikuwa na Glock 19 kiunoni, pingu jozi mbili mfukoni, na hasira tele.

Jana yake bomu lilipasua kanisa la mtaani kwao wakati kwaya inafanya mazoezi. Shangazi yake alikuwa safu ya mbele. Ndiye aliyemlea yeye na kaka yake baada ya wazazi kufariki, akawasomesha kwa kufua nguo za watu. Mashahidi walimwona mtu wa kanzu na kofia akitoka mbio mlango wa nyuma wa kanisa, akaruka ukuta, akaingia msikiti wa jirani.

Basi. Mji mzima ukafunga kesi.

Usiku kucha nyumba za Waislamu zilipigwa mawe. Wanawake na watoto wakakimbilia msikitini, na sasa nje ya geti lilisimama kundi la vijana wenye mapanga. Mbele yao alisimama kaka yake Komeo. Mchungaji wa kanisa lile lile. Kola nyeupe shingoni, dumu la petroli mkononi.

Mchungaji mzima! Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kusamehe kila Jumapili, leo amekwenda kupanga foleni kituo cha mafuta. Jamani, ibilisi akitaka kucheka hahitaji kwenda mbali.

"Pita, mdogo wangu," alisema. "Mtoe huyo imamu. Ukichelewa tunaingia wenyewe."

"Na watoto waliomo?"

"Na wetu je? Tukiimba tunauawa! Huo ndio uhuru wa kuabudu?"

"Kaka, nipe saa moja."

"Nusu."

"Saa moja! Shangazi alikulea au alikufuga?"

Mchungaji akaangalia pembeni. Huko ndiko kulikuwa kukubali kwake.

*

Mlangoni mwa msikiti Komeo alivua viatu akiwa na hasira hata na kamba zake. Imamu, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa ameshanyoosha mikono.

"Nifunge, binti yangu. Ila kwanza tazama zulia."

"Mimi si binti yako."

"Haya, afande. Tazama zulia."

Zulia lilikuwa la kijani. Kutoka mlangoni, zikikata safu za swala hadi chini ya dirisha la chumba cha kutawadhia, zilipita alama nyekundu za soli nene.

"Jana nilimwonyesha askari," imamu alisema. "Akaniambia nisimfundishe kazi. Nimekataza mtu yeyote asizifute."

Komeo akapiga magoti, akagusa, akanusa. Mafuta ya taa na nta. Rangi ya sakafu! Kila Jumamosi ya utoto wake alisugua rangi hiyo kanisani, matambara magotini, shangazi akiimba na kuwakemea kwa pumzi moja. Jana mchana shangazi alikuwa ameipaka sakafu ya mlango wa nyuma. Muuaji aliikanyaga ikiwa mbichi.

"Kwa hiyo aliingia humu," alisema kwa ukali. "Hilo nalijua."

"Aliingia na buti."

Komeo akatazama miguu yake mwenyewe, mitupu.

"Afande, hapa tuna mwizi wa viatu. Anatusumbua kila Ijumaa. Lakini hata yeye, mwizi, akiingia ndani huvua vyake."

"Huyu alikuwa anakimbia."

"Alikuwa?"

Komeo akatazama tena, safari hii kwa macho ya kazi. Anayekimbia huchimba kwa vidole na hatua zake huwa ndefu. Hizi zilikuwa fupi. Visigino vimelala sawasawa. Mtu huyu alikimbia nje, mbele ya macho ya watu. Humu ndani, peke yake, alitembea kama anayepita sokoni. Alinunua kanzu, akanunua kofia, akasahau kuuliza mlangoni watu hufanya nini.

Komeo aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira. Alikuja hapa akitamani kumwaga.

Akapiga simu. "Mkuu, sufuria si hii."

"Una wazimu?"

"Benki ya jirani ina kamera inayotazama uchochoro wa nyuma ya msikiti. Jana, baada tu ya mlipuko. Nani alitoka dirishani?"

Kibodi ikasikika. Kisha Mkuu akashusha pumzi. "Mtu wa kanzu. Ameingia kwenye Hilux nyeupe."

"Ya nani?"

"Achana nayo."

"Ya nani, Mkuu?"

"Ya Mshauri."

Mshauri! Mgeni aliyekuja kuifundisha serikali ulinzi. Anayekunywa chai na mawaziri na kuwaonya kwamba dini zitachinjana, wanunue silaha mapema.

"Ana kinga," Mkuu alisema.

"Kinga ya nini, ya surua? Mkuu, huku nje kuna petroli."

Mlango wa Mkuu ukasikika ukifungwa.

"Epua. Usimwage. Na mimi sikukutuma."

*

Ghala la Mshauri, ambalo Idara ililijua, lilikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, na Hilux nyeupe imeegeshwa nje. Mlinzi mmoja mlangoni, AK-47 begani, sigara mdomoni. Komeo alimpiga kooni, akamdaka asianguke kwa kishindo, akaizima na sigara yake.

Ndani, makasha ya mbao yalipangwa mpaka darini, marundo mawili. Rundo moja limechorwa msalaba kwa chaki. Jingine, mwezi na nyota. Kasha moja la kila rundo lilikuwa wazi, na bunduki zilizomo zilikuwa za aina moja, mafuta yaleyale, kiwanda kilekile.

Kila upande umeshawekewa mzigo wake, vita haijaanza.

Mshauri aliketi mbele ya kioo cha kompyuta, kikombe cha kahawa mkononi. Droni yake ilikuwa juu ya msikiti, na kwenye kioo mchungaji alionekana mdogo kama mdudu, na dumu lake. Karibu na Mshauri, juu ya kasha, jitu lenye mabega mapana lilikuwa likisugua buti kwa kitambaa. Wekundu uligoma kutoka kwenye mishono.

"Rangi hiyo haitoki," Komeo alisema. "Niulize mimi."

Jitu likachomoa bastola.

Paa!

Glock iliwahi. Bastola ya jitu ikaruka, na mkono wake ukabaki na tundu. Komeo akalifunga pingu likiwa linatukana.

Mshauri aliinua mikono polepole, akitabasamu. "Sikuwaletea chuki mimi. Niliikuta."

"Uliikuta ikiwa kaa la moto jikoni, ukalihamishia kitandani."

"Hao wako watachoma tu. Leo au kesho. Mnaimba upendo, lakini nikiwauzia risasi foleni haipungui." Akatazama mdomo wa bastola. "Haya, nipige. Unithibitishie hoja."

Komeo akauweka mdomo huo kwenye paji la uso wake.

Tusidanganyane. Alitaka. Alimwona shangazi alivyotolewa chini ya mabati, kitabu cha nyimbo bado kwapani, na kidole chake kikaanza kuvuta. Aliomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba: Bwana, nizuie, maana mwenyewe sitaki.

Akashusha mkono.

Maiti haikiri, na kaka yake alihitaji kusikia kwa masikio yake. Akamzaba Mshauri kofi moja tu. Hilo alilitubu baadaye, tena kwa uvivu.

*

Ile saa moja ilikuwa imepita. Hilux ya Mshauri, Komeo kwenye usukani, ilifunga breki getini, vijana wakaruka pembeni. Harufu ya petroli ilikuwa kila mahali. Mchungaji alikuwa ameshamwaga nusu ya dumu chini ya geti.

Komeo akawashusha wale wawili. "Sema," akamwambia mwenye buti.

Akasema. Bomu, kanzu, dirisha, malipo. Alisema yote, huku mkono ukivuja damu na macho yakikimbia kutoka panga moja hadi jingine.

Mapanga yakageukia Hilux. Kisha mmoja akapiga kelele, "Wachomeni hao!" Wote wakaitikia. Askari wawili waliowekwa kulinda geti wakaondoka zao, kimya kimya, kama waliokumbuka kuna kitu nyumbani.

Mchungaji akainua dumu. "Toka mbele yangu, mdogo wangu."

"Sitoki."

"Wamemuua shangazi!"

"Najua! Mimi nilimvisha sanda, kaka, wewe ukiwa unanunua petroli! Msalaba hukupewa uwe rungu. Ukitaka kuwasha, anza na mimi, kisha Jumapili panda madhabahuni uwaeleze."

Mapanga yakasogea.

Geti la msikiti likafunguka. Imamu akatoka peke yake, miwani yake ya uzi puani.

"Waingizeni humu," alisema. "Huku nje hawatafika salama polisi."

Mchungaji akamkodolea. "Hawa walitaka mchomwe, ninyi na watoto wenu!"

"Walitaka. Kwa hiyo wa kuwakaribisha ni mimi, au ni nani mwingine?" Imamu akatazama chini. "Lakini buti avue. Zulia langu limechoka."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko cha kilio. Panga moja likashuka.

Mwenye buti hakuweza kujivua, mikono yake ilikuwa nyuma. Hakuna aliyesogea kumsaidia.

Mchungaji akaweka dumu chini. Akapiga magoti kwenye tope la petroli, mbele ya mtu aliyemuua shangazi yake, akashika kamba za buti. Fundo likamshinda mara mbili.

"Nakuchukia," alisema, machozi yakimtiririka. "Mungu anajua ninavyokuchukia. Leta mguu."

Mtu yule akaleta mguu.

Vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuangaliana. Redio ikakoroma kiunoni mwa Komeo.

"Umeepua?"

"Nimeepua. Njoo na karandinga, na njoo mwenyewe. Kuna mawaziri wataulizwa walikunywa chai na nani."

"Usiondoke hapo. Kuna kazi nyingine, ya haraka."

"Mkuu," Komeo alisema, akianza kutembea kuelekea kanisa lisilo na paa, "leo nazika."

Akazima redio.