Vipande Vinne vya Kondoo

Kuanzia Bunda mpaka Musoma hakuna wa kunifundisha mapenzi. Wanaume watatu niliowaacha ni mashahidi, ingawa ukiwauliza watasema wao ndio walioniacha. Basi tuendelee na ya Debora.

Debora alikuwa anakoroga mchuzi jikoni kwao Guta, simu ikatetemeka. Makongoro: "Nimeshuka Bunda, napanda bodaboda. Wakiniuliza ukoo nijibuje?"

Akamwandikia: "Jibu ukweli."

"Ukweli ni kwamba sina."

Hapo ndipo Debora alipokuwaga anapotea. Mwaka mzima huyu mchumba wake, mwalimu wa Musoma, mzaliwa wa Butiama, mtu wa shati jekundu, alikuwa anamwambia koo na makabila ni makabati aliyoyachonga mkoloni ili wanyonge wasijuane. Mkulima wa pamba na mvuvi wa dagaa ni tabaka moja, basi. Debora anasikiliza, anasema kweli kabisa. Akirudi kwa bibi yake Wankyo akatajiwa wazee wa ukoo mpaka kizazi cha saba, anasema na hii nayo kweli kabisa. Kichwa kikawa kama nyumba ya milango miwili, upepo unapita tu.

Kwao mwiko wa ukoo ni kondoo. Ukimla, unatoka upele. Na watu wa mwiko mmoja ni ndugu, hawaoani. Ndiyo maana baba yake, mzee Boniphace, alishasema mgeni asipotaja ukoo wake leo, padri asitangaze ndoa hiyo Jumapili.

Makongoro akafika, akaanza kugawa undugu wake wa kisiasa mpaka kwa bibi Wankyo mwenye miaka themanini.

– Shikamoo, ndugu bibi.

– Marahaba, ndugu mume wangu.

Ugali ukaletwa na nyama. Mzee Boniphace akauliza ukoo. Makongoro akatoa hotuba: ukabaila, ubepari, umoja wa wanyonge, mpaka mchuzi ukashika ganda. Lakini kula alikula. Bibi Wankyo alimwacha amalize kipande cha nne.

– Mume wangu, kondoo wetu umemwonaje?

Debora akafungua mdomo. Bibi akamkanyaga mguu.

– Sisi hatumli, ila mgeni tunampikia. Wewe si huna mwiko?

– Sina, bibi. Mtamu.

Lile neno ndugu lilikuwa limeshamkimbia, imebaki bibi tu. Mkono wa kulia ukaanza kuukuna wa kushoto. Ukahamia shingoni. Akaomba maji, akapewa, akajikunia tumbo kwa bilauri. Shati jekundu likapanda mpaka kitovuni.

– Ni mbuzi huyo, bibi akasema. Debora kamshika miguu mwenyewe asubuhi akichinjwa.

Makongoro akashusha shati taratibu.

– Ulijua lini kwamba mwiko wetu ni mmoja? Debora akauliza.

– Siku ya kwanza. Stendi ya Bunda, ulipokataa supu ya kondoo ukanieleza mwiko wenu. Na mimi niliingia pale nikijua nitaagiza chai.

– Kwa hiyo makabati ya mkoloni umeyachonga wewe, kesho yake.

– Nilianza kwa ajili yako. Nikasema, nikasema, mpaka nikaamini. Naamini mpaka sasa hivi, Debora.

– Na huko kujikuna?

– Mkono haujawahi kuja kwenye semina.

Debora alitaka kucheka na alitaka kulia, akashindwa kujua kipi kitangulie. Anampenda mtu gani sasa, huyu anayeamini au huyu anayejikuna? Baba yake hakuwa na shida hiyo. Alishasimama, anasema ndugu hawaoani, mgeni atafutiwe bodaboda.

Debora akamgeukia bibi yake.

– Bibi, ulijuaje kwamba mtu akidanganywa kondoo anajikuna?

– Si mama mkwe wangu alinifanyiaga hivyo hivyo, siku naletwa hapa. Kanilisha mbuzi, kaniambia kondoo.

– Ukajikuna?

Mzee Boniphace, ambaye mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje, akaurudisha ndani asikie mama yake atajibu nini.

– Mimi? Hata kidogo. Kwetu kondoo tulikuwa tunamla kila Krismasi, bibi Wankyo akasema, na kucha zake zilikuwa zimeshapanda zikikuna mpaka kwenye kiwiko.