Uzi wa Waiyego na Tangazo la Tatu

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Eldoret iliamka na manyunyu, na baridi ya mtaa wa Munyaka ilikuwa ile ya kuingia mpaka kwa mifupa. Waiyego aliposikia hodi alifungua mlango kidogo tu, maana nyuma yake gunia la uzi lilikuwa limeuegemea.

"Sukuma, lakini pole pole."

Kituyi, mchumba wake, akasukuma. Gunia likaanguka, madonge ya uzi yakabingirika hadi chini ya meza.

"Waiyego! Kwani hii ni nyumba ama stoo?"

"Karibu kiti."

"Kiti gani? Hicho kina uzi. Kitanda kina uzi. Juzi nilifunua sufuria nikidhani kuna githeri, nikapata uzi wa kijani!"

Waiyego akacheka peke yake. Siku nyingine Kituyi ndiye angekuwa wa kwanza kucheka. Hapo akajua kuna jambo.

Jambo lenyewe kanisa zima lililijua. Mwaka jana mchungaji aliposoma tangazo la tatu la ndoa yao na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, aliyesimama alikuwa bibi harusi mwenyewe. "Si pingamizi, Mchungaji," alisema, "naomba tu muda." Watu walicheka, hata kwaya. Kituyi, karani mpole wa ghala la mahindi, akamngoja. Sasa matangazo yalikuwa yameanza upya na mawili yameshasomwa. La tatu lilikuwa kesho.

"Nimekuja tuongee," Kituyi alisema.

"Tutaongea. Nyoosha mikono kwanza."

Akamvisha mikononi mzunguko mnene wa uzi wa kijivu, akaanza kuukunja kuwa donge. Ndivyo walivyozoea kuongea, yeye akikunja, Kituyi amesimama kama mtu anayeombewa. Lakini uzi wa leo ulikuwa umejikunjakunja, kama uzi uliotoka kufumuliwa. Kituyi akautazama.

"Hii ni sweta yangu. Umeifumua tena?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa imebaki mkono mmoja, Waiyego!"

Simu ya Kituyi ikatoa mlio pale mezani. Alinyoosha shingo, lakini mikono haikuwa yake. Ujumbe ukajionyesha kwenye kioo, na Waiyego akausoma kwa sauti. Ulitoka kwa Namalwa, dada yake Kituyi.

"Umemwambia? Achague leo, wewe ama hayo manyuzi. Mama hawezi kuaibishwa kanisani tena."

Waiyego akarudisha simu mezani.

"Kwa hivyo hiyo ndiyo ulikuja kuniambia?"

"Mimi nilikuja kuuliza. Mambo ya kuchagua ni ya Namalwa."

Simu ikaita. Waiyego akaipokea, akaweka spika.

"Kituyi, umemwambia?"

"Ni Waiyego, dada. Mikono yake imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na uzi."

"Yesu wangu!" Simu ikakatika.

Kituyi alitaka kucheka, midomo ikakataa.

"Nyumba tutakayohamia kule Kapsoya ni vyumba viwili. Nimenunua hata sofa. Nionyeshe hii yote itakaa wapi. Ama niambie ukweli. Hutaki tuoane?"

Waiyego akaacha kukunja. Moyoni akaomba, Bwana, nipe mdomo. Kisha akainama, akatoa chini ya kitanda mkebe wa mafuta ya kupikia ulioanza kupata kutu. Ndani mlikuwa na donge dogo la uzi wa maruni na spoku mbili za baiskeli.

"Nilikuwa mtoto tulipotoroka Burnt Forest wakati wa vita vya uchaguzi. Nyumba ilichomwa na kila kitu. Kule kambini tulilala kwa turubai, na baridi ya huku unaijua. Mama alivua sweta yake akaifumua. Mtu akampa hizi spoku ziwe sindano. Akatufumia kofia, mimi na ndugu yangu Irungu, yeye akabaki na blauzi tu. Huu ndio uzi uliobaki."

"Hujawahi kuniambia."

"Kila siku unaniuliza nitautoa lini. Hujaniuliza nilianza aje kuuweka." Akarudisha spoku mkebeni. "Nikimaliza sweta, naona uzi umepungua ndani ya nyumba, na usingizi unaniruka. Najua ni ujinga, Kituyi. Nimeuombea. Lakini mikono inafumua tu."

Machozi yakamshuka Kituyi, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Waiyego akayafuta kwa leso yake.

"Sofa nitairudisha," Kituyi akasema. "Chumba cha sofa kitakuwa cha uzi."

"Wageni watakaa wapi?"

"Juu ya magunia. Si ndivyo mimi hukaa hapa?"

Kabla Waiyego hajajibu, mlango ukasukumwa. Walikuwa akina mama wa kanisa, wamekuja kwa maombi ya Jumamosi. Mbele alikuwa Mama Nyokabi, jirani na mwenyekiti wao. Nyuma yake Mama Odera akikung'uta mwavuli.

"Ai! Umemfunga mtoto wa watu?" Mama Nyokabi akauliza.

"Asitoroke," Mama Odera akasema. "Na mimi ningemfunga."

Wakacheka, kisha Mama Nyokabi akakunja uso. "Waiyego, Mchungaji ananiuliza kama kesho asome ama aache. Nimwambie nini?"

Waiyego akamwangalia Kituyi. Mikono ya Kituyi ilikuwa imechoka, na bado hakuwa ameishusha. Uzi uliobaki mikononi ulikuwa bado mahali pake.

"Mwambie asome," Waiyego akasema. Akaweka mkono juu ya mikono ya Kituyi, juu ya uzi. "Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu, mama zangu. Kesho akiuliza kama kuna pingamizi, nitakaa, sitasimama. Na hii sweta nitaimaliza, haitafumuliwa tena. Ataivaa siku ya harusi, hata jua likiwaka namna gani. Na wewe, Mama Nyokabi, kesho ukae karibu na mimi, unishike sketi kabisa."