Plasta Kwenye Taa ya Bi Harusi

Hiki kisa hutakiamini, nakwambia mapema. Gari liliongea. Gari! Tena si kwa honi. Liliongea kwa jicho moja, likaonyesha mahali hasa panapoliuma, na watu wazima wakabaki midomo wazi. Ngoja nikupeleke pale pale.

Mama Mikate alikuwa jikoni, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Kazi yake ni kuoka mikate. Mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, kazi yake ni kuisambaza madukani kwa gari lao.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la zamani. Lilitoka Japani kwa meli likiwa tayari limetumika. Majirani walilipa jina: Bi Harusi. Kisa? Lilikuwa halitoki nyumbani bila kusindikizwa! Kila asubuhi watu wanasukuma nyuma, mwingine pembeni anapiga vigelegele, Dereva ndani jasho linamtoka.

Sasa, kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo ya njano yenye picha ya injini. Ilianza kuwaka siku nyingi. Dereva akachoka kuitazama. Akachukua plasta ya kidonda, akabandika juu ya taa.

"Imepona," akasema.

Haikupona. Asubuhi gari liligoma kuwaka. Barabarani lilizimika, siku nyingine likatoa moshi mweusi kama jiko la kuni. Fundi wa kwanza alisema, "Plagi hizo." Wakabadili plagi. Fundi wa pili akasema, "Pampu ya mafuta." Wakabadili pampu. Wa tatu akatikisa kichwa: "Injini imekwisha. Uzeni."

Dereva akaita dalali. Dalali akaja na pikipiki, wabadilishane: wao wachukue pikipiki, yeye aondoke na Bi Harusi.

Na kesho yake, alfajiri, Mama Mikate alitakiwa kupeleka mikate hospitali kwa mara ya kwanza! Hiyo kazi aliitafuta mwaka mzima. Wamemwambia wazi: ukichelewa siku ya kwanza, tunatafuta mwokaji mwingine.

"Pikipiki inatosha," Dereva alisema.

"Inatosha? Hizo trei zote utazibeba na meno?"

"Mke wangu, gari limekufa. Tulizike."

Dalali alikuwa tayari anazunguka gari, anapiga tairi mateke. Hapo hapo akaingia jirani yao kununua mkate. Huyu dada alikuwa fundi umeme wa magari, wote wanamwita Fundi Waya. Alichungulia dirishani.

"Shem," akamwambia Dereva, "mbona Bi Harusi ana kidonda?"

"Kidonda gani?"

"Si hiyo plasta!"

Mama Mikate akacheka kwa hasira. "Mwulize daktari wake huyo."

Fundi Waya hakucheka. "Mlishawahi kusoma kodi zake?"

"Kodi za nini tena?" Dereva akashtuka. "Hata za nyumba zinanitosha!"

"Si hizo, shem. Hili gari lina kompyuta ndogo ndani. Kitu kikiharibika, kompyuta inakihifadhi kwa namba, hiyo ndiyo kodi, na kuwasha hiyo taa. Gari linakuita, wewe unaliziba mdomo."

"Nina haraka," dalali akadakia. "Niondoke nalo hivi hivi."

"Ngoja," alisema Mama Mikate. Alilisema taratibu, lakini Dereva anaijua hiyo sauti. Akangoja. Dalali naye akangoja.

Fundi Waya akafungua boneti. Karibu na injini palikuwa na kisanduku cheusi cha plastiki chenye kifuniko. Alipokifungua, ndani kulikuwa na matundu mengi madogo. Upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na herufi.

"Dada, nisomee. Tafuta TE1, halafu E1."

Mama Mikate akafuta unga kwenye vidole, akainama. "Hili hapa. Na hili."

"Hakikisha. Ukikosea tundu unaweza kuunguza kompyuta. Hapa hakuna kubahatisha. Na funguo iwe imezimwa."

Waliangalia tena, herufi kwa herufi. Kisha Fundi Waya akatoa kipande kifupi cha waya, akaunganisha yale matundu mawili.

"Shem, ingia. Washa funguo, ila usipige stata. Injini isiungurume. Halafu tazama taa ya injini."

Dereva akaingia, akawasha funguo, akakodolea macho dashibodi.

"Haifanyi kitu!" Dereva akapiga kelele.

Dalali akamnyooshea Dereva funguo za pikipiki. "Limekufa hilo, tubadilishane."

"Shem," Fundi Waya akasema polepole, "plasta."

"Aah!"

Dereva akaibandua. Mama Mikate akajipenyeza kichwa dirishani. Na hapo, wewe, hapo! Taa ilikuwa inakonyeza! Ikawaka mara mbili. Ikatulia kidogo. Ikawaka mara mbili tena. Ikatulia kwa muda mrefu. Ikaanza upya.

"Mbili... mbili!" Mama Mikate alihesabu kwa sauti. "Mbili, mbili! Inarudia ile ile!"

"Basi kodi ni ishirini na mbili," alisema Fundi Waya. Tayari simu ilikuwa mkononi, anatafuta kitabu cha gari lile lile, injini ile ile. "Kila kampuni ina kodi zake, msije mkachukua maana ya gari lingine. Hii hapa. Ishirini na mbili: sensa ya joto la maji ya injini."

"Ndiyo nini?"

"Ni kidude kinachoiambia kompyuta kama injini ni ya baridi au ya moto. Taarifa isipofika, kompyuta inakadiria mafuta tu. Mara kidogo, gari linagoma. Mara mengi, moshi."

Dereva alishatoka mbio kuelekea getini.

"Wewe, unakwenda wapi?"

"Dukani! Kununua sensa!"

"Rudi hapa!" Mama Mikate alifoka. "Plagi tulinunua hivyo hivyo! Pampu hivyo hivyo!"

Fundi Waya akampa mkono. "Dada umeshika somo kuliko sisi. Kodi inakwambia pa kutazama. Haikwambii cha kununua. Anza na waya."

Wakafuata waya wa ile sensa kwa tochi ya simu. Mama Mikate ndiye aliyeona. Waya ulikuwa umetafunwa, umebaki uzi mmoja, unagusa na kuachia. Pembeni yake palikuwa na kiota cha matambara. Na juu ya kiota, chenga za mkate!

"Panya!" akapiga kelele. "Panya anakula mikate yangu humu ndani!"

Wote wakamgeukia Dereva. Yeye ndiye aliyekuwa akipasha mkate wake wa asubuhi juu ya injini, kila siku, na kuusahau nusu.

"Injini inapasha vizuri," alijitetea. Dalali alicheka mpaka akakaa chini.

Fundi Waya alizima funguo, akaunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, akaufunga vizuri. Akatoa ule waya wa kwenye matundu. Akachomoa fyuzi ya mfumo wa injini kwa muda mfupi ili kompyuta isahau kodi ya zamani, akairudisha. Kisha wakarudisha waya kwenye matundu, wakawasha funguo, wakasoma tena. Safari hii taa ilikonyeza haraka haraka, sawasawa, bila kutulia.

"Huo ndio wimbo wa afya," alisema Fundi Waya, akachomoa ule waya. "Hakuna kodi. Washa, shem."

Dereva akapiga stata. Mara moja tu! Bi Harusi akanguruma, moshi mweusi hakuna, taa ya njano imezima yenyewe. Mama Mikate akapiga vigelegele mwenyewe, unga unaruka.

Dalali akasimama, akapangusa suruali. "Sasa hili nalitaka kweli. Nakuongezea pikipiki ya pili."

Dereva akamtazama mke wake. Mama Mikate akatoa mkono. "Funguo."

Dereva akampa yeye.

Alfajiri Bi Harusi alitoka bila msindikizaji hata mmoja. Mikate ilifika hospitali ikiwa bado ya moto. Tangu hapo Dereva anakula mkate wake mezani kama watu, na boneti inafunguliwa na kusafishwa kila wiki. Kile kipande cha waya Mama Mikate anakiweka kwenye gari. Ile plasta aliibandika kwenye mlango wa jiko, mumewe aione kila akiingia.

Sasa niambie wewe. Taa ya njano imewaka, dalali yuko mlangoni, fundi wa tatu kasema uza. Ungefanya nini?