Besi ya Ukutani

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi friji anayepiga gitaa la besi kwenye bendi ya mtaani. Walifanya mazoezi sebuleni kwake, akatuma video ya mazoezi hayo kwenye grupu la WhatsApp la wapiga besi wenzake. Alijiandaa kuchekwa, maana kwenye kiitikio alikosea noti moja.

Mmoja akaandika, "Fundi, makosa yako tumeyazoea. Hiyo besi ya ukutani kulikoni?"

Besi hiyo, iliyotundikwa nyuma yake, ilikuwa ya marehemu kaka yake aliyemfundisha kupiga. Ilikuwa haijaguswa tangu mazishi.

Rafiki yangu akaikuza picha ya video. Uzi mnene wa besi ya ukutani ulikuwa umebonyezwa hadi kwenye mbao ya shingo, na pale palipobonyea palihama kila yeye alipobadili noti.

"Nimeona," akajibu, akaenda kuanua nguo.

Aliporudi, sebule ilikuwa giza, friji tu likinguruma. Akaitazama video tena. Kwenye kiitikio, alipokosea yeye, uzi wa ukutani ulikuwa umebonyezwa mahali sahihi.